UZI: Tangi la samaki lenye mimea hai kwa maji ya Mtwara na Lindi

#1 Kifuu_Shangani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wenye matangi ya kioo yenye mimea hai na samaki wa maji baridi, hasa sisi wa kusini. Maelekezo mengi yanayozunguka mitandaoni yameandikwa na watu wenye maji laini ya bomba na hali ya hewa ya ubaridi. Ukiyafuata neno kwa neno huku kwetu, mimea inaoza na mtu anaishia kulaumu mbegu.

Kwetu jambo la kwanza ni maji. Pwani yetu imekaa juu ya mawe ya chokaa na matumbawe ya kale, na visima vingi vya upande wa bahari vinatoa maji yaliyopita ndani ya mawe hayo. Kwa hiyo ni magumu, na vingine vina chumvi juu ya huo ugumu. Hivi ni vitu viwili, watu wanavichanganya. Ugumu ni kalisi, magnesi na baikaboneti: sabuni haitoi povu, birika linashika gaga jeupe. Chumvi ni bahari iliyoingia kisimani, unaijua kwa ulimi. Kwenye maji magumu mimea inafugika vizuri tu. Maji ya chumvi ndiyo ya kuyaacha.

Nunueni vipimo kabla ya kununua samaki. Kipimo cha matone cha KH (ugumu wa kaboneti) kinafanya kazi hivi: mililita 5 za maji kwenye kichupa, dondosha tone moja moja huku unatikisa na kuhesabu, rangi ikigeuka ile idadi ya matone ndiyo nyuzi za ugumu. Nyuzi 1 ni takriban miligramu 17.9 za kalisi kaboneti kwa lita. Kwa chumvi tumia kile kipimo cha kalamu kinachosoma maikrosimensi, yaani jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kipimo changu cha kuamua: chini ya 800 tumia, kati ya 800 na 1500 changanya na maji ya mvua, zaidi ya hapo tafuta kisima kingine.

Hesabu ya kuchanganya ni ya darasa la nne. Kisima kina KH 16, mvua ni karibu na 0. Ndoo moja kwa moja unapata 8. Ndoo moja ya kisima kwa tatu za mvua unapata 4. Lenga kati ya 5 na 8 na ukae hapo hapo. Mimea inavumilia namba isiyo nzuri kuliko namba inayorukaruka kila wiki. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia kama Desemba hadi Aprili, kwa hiyo anayetaka kuchanganya mwaka mzima ajiandae na tangi la kuhifadhia. Mvua ya kwanza ya msimu usiikinge, acha ioshe bati. Bati jipya linatoa zinki, na zinki kwenye maji laini inaua. Paa la makuti linatoa maji ya rangi ya chai. Hayo kwa samaki hayana ubaya, ila yanakata mwanga.

Mimea inayoyapenda maji yetu jinsi yalivyo: valisneria (ile ya majani marefu kama utepe), Ceratophyllum (ule unaoelea, majani kama brashi), egeria. Hawa watatu wana uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye baikaboneti iliyomo kwenye maji magumu, jambo ambalo mimea mingi haiwezi. Yaani kile kinachowasumbua wengine, kwao ni chakula. Anubiasi na feni ya Java (aina ya kangaga) wanakua polepole lakini hawafi. Kriptokorini wanafaa pia. Ile myekundu yenye majani membamba inayopendeza kwenye picha inataka maji laini na gesi ya kaboni, msianze nayo.

Samaki wafuate maji hayo hayo: gapi, plati, moli, mkia-upanga. Neoni ni wa maji laini, waacheni. Perege na sato wanakula na kung'oa mimea, na kambale anakua kuliko nyumba yake.

#2 Mitwero_Lindi

Mkuu shukrani. Mchanga mweupe wa ufukweni unapatikana bure na unapendeza. Ukioshwa sana na maji ya bomba unafaa?

#3 Kifuu_Shangani

Hapana. Chumvi utaiosha, lakini ule weupe wenyewe ni vipande vya makombe na matumbawe. Vinayeyuka pole pole na kupandisha ugumu na pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua) kila siku, hata ukibadilisha maji ya mvua tupu.

Jaribio: mchanga mkavu kijiko kimoja kwenye glasi, mimina siki hadi uzame, sikiliza na angalia. Ukitoa mapovu, una chokaa. Usipotoa, unafaa. Siki ni asidi dhaifu, kwa hiyo subiri dakika 5 kabla ya kusema "haujatoa". Mchanga wa mto, ule wa kujengea, mara nyingi unapita. Uchekeche upate punje za milimita 1 hadi 2, uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke safi. Hiyo ni mara 10 hadi 15, si mara 3. Punje ndogo zaidi zinashikana, hewa haipiti, mizizi inaoza.

Mawe nayo yapimwe hivyo hivyo. Jiwe la matumbawe lisiingie kabisa. Kwa kufungia anubiasi tumia kifuu cha nazi: kwangua nyama na makumbi yote, chemsha nusu saa, mwaga maji, rudia, kisha funga mmea kwa mshipi wa kuvulia. Ule mzizi mnene wa kijani wa anubiasi usizikwe mchangani, utaoza.

#4 FundiVioo_Mtwara

Nichangie upande wa kioo maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha.

Tangi la kuanzia: urefu sm 60, upana 30, kimo 36. Kwa hesabu ni lita 64.8, ukiweka udongo, mchanga na kuacha nafasi juu, maji halisi ni kama lita 55. Kioo cha mm 6 kinatosha. Ukitaka sm 90 × 45 × 45, hiyo ni lita 182, nenda mm 8 na uweke vipande vya kioo vya upana wa sm 5 juu, kwenye kingo za mbele na nyuma, vizuie kioo kutuna. Usiende kwenye tangi dogo kuliko lita 40 kwa kudhani ni rahisi. Maji machache yanapata joto haraka na yanachafuka haraka.

Silikoni: chukua ile inayonuka siki wakati wa kukauka, iliyo tupu. Ile ya bafuni iliyoandikwa inazuia ukungu ina sumu. Futa kingo za kioo kwa spiriti kwanza, usiziguse tena kwa vidole. Acha siku 3, kisha jaza maji nje ya nyumba na uliache siku 2 likiwa limejaa ndipo uliingize ndani.

Lita 55 pamoja na mchanga na kioo ni zaidi ya kilo 80. Meza ya chakula hapana. Chini ya tangi weka tandiko la sponji la mm 10, maana chembe moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua.

#5 Rahaleo_B

Na udongo? Wengine wanaweka mchanga peke yake.

#6 Nanyamba_Juu

Mchanga peke yake hauna chakula. Kwa anubiasi na Ceratophyllum haina shida kwa sababu hawali kwa mizizi ardhini. Kwa valisneria na kriptokorini weka udongo chini, sm 2.5 hadi 3, halafu mchanga juu yake sm 3 hadi 4. Usizidishe udongo. Ukiwa mnene unakosa hewa.

Udongo wetu mwekundu wa uwanda wa Makonde una chuma lakini una mchanga mwingi na rutuba kidogo. Changanya sehemu mbili za huo na sehemu moja ya udongo wa bustani usiotiwa samadi wala mbolea ya dukani. Chekecha, loweka siku moja, mwaga maji, anika juani hadi ukauke kabisa, rudia mara 4. Kazi hiyo inaozesha na kutoa vile vitu vibichi ambavyo vingetoa amonia ndani ya tangi.

Sasa onyo ambalo hamtalikuta kwenye maelekezo ya wageni: msichukue udongo chini ya mikorosho. Miaka nenda rudi inapigwa salfa ya unga kwa ajili ya ubwiriunga. Salfa ikikaa kwenye udongo uliofunikwa na maji, mahali pasipo na hewa, bakteria wanaigeuza kuwa haidrojeni salfaidi. Utaona mchanga umekuwa mweusi, ukiuchokoa inatoka harufu ya yai viza, mizizi ya valisneria inakuwa myeusi, na samaki wanaweza kufa kwa asubuhi moja. Kama limeshatokea, usivuruge udongo. Chomeka kijiti chembamba taratibu, sehemu chache kwa siku, hewa ikiwa inapigwa kwa nguvu, na badilisha maji nusu.

#7 Mitwero_Lindi

Hili la salfa ni zito. Na ile inayopeperushwa na upepo msimu wa kupuliza?

#8 Nanyamba_Juu

Salfa ya upepo peke yake si kubwa, funika tangi tu. Hofu yangu ni viuatilifu vya wadudu vinavyopulizwa msimu huo huo kwa ajili ya mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, si mbu wa malaria). Vingi ni vya kundi la pairethroidi, na samaki hawavistahimili hata kwa kiasi kidogo mno. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma ndani ya maji, kwa hiyo chochote kilichomo hewani kinaingia.

Dawa ya mbu ya kupuliza ndani ya nyumba iko kundi hilo hilo. Ukilazimika kupuliza: zima pampu, funika tangi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, fungua madirisha saa 2 au 3 baada ya kupuliza, ndipo uwashe. Dawa ya mbu ya kuwasha isiwekwe chumba chenye tangi. Bora chandarua.

#9 Kifuu_Shangani

Asante Nanyamba, hilo nilitaka lisemwe na mtu wa mashambani.

Sasa kuanzisha tangi. Mimea iingie siku ya kwanza, na iwe mingi, ifunike walau nusu ya sakafu. Samaki wasubiri. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, wanahitaji wiki 3 hadi 6 kujaa kwenye sponji la chujio. Kwa joto letu mara nyingi ni karibu na 3. Wape chakula: kipande cha kamba mbichi ukubwa wa punje ya hindi ndani ya kisoksi, kioze humo. Pima amonia na naitraiti kila siku ya pili. Zote mbili zikisoma 0 siku 3 mfululizo, badilisha nusu ya maji na uingize samaki 3 au 4, si wote.

Kwa nini nasisitiza? Amonia ina sura mbili, na ile yenye sumu huongezeka pH inapopanda. Kwenye maji ya pH 7, nyuzi joto 28, sehemu yenye sumu ni chini ya asilimia 1. Kwenye pH 8.2, ambayo ni ya kawaida kwa visima vyetu, ni takriban asilimia 10. Kosa ambalo mtu wa maji laini analimaliza bila samaki kufa, kwetu linamaliza samaki wote tangini.

Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi saa 24, yakipigwa hewa. Usimimine moja kwa moja. Klorini inaua wale bakteria uliowasubiri.

#10 Rahaleo_B

Naomba msaada. Tangi ni lita 55, lina wiki 5, kisima KH 12, samaki gapi 8, taa ya LED mbili za wati 9, zinawaka kuanzia alfajiri hadi kulala. Kioo kinashika utando wa kijani na valisneria ina nyuzi nyuzi kama nywele.

#11 Kifuu_Shangani

Dada, jibu umeliandika mwenyewe: alfajiri hadi kulala. Hiyo ni saa 16 au 17. Mimea haiwezi kutumia mwanga wa muda wote huo. Unaobaki unatumiwa na mwani. (Kwa wageni wa uzi: mwani huu si ule wanaolima akina mama baharini. Huu ni wa kuota wenyewe.)

Fanya hivi. Zima taa moja. Iliyobaki iwake saa 7 kwa siku kwa taima ya soketi, kila siku saa zile zile. Hakikisha ni ile ya mwanga mweupe, kelvini 6500. Taa moja ya namna hiyo ya wati 9 inatoa kama lumeni 800, ambayo kwa lita 55 ni kama 15 kwa lita na inatosha valisneria na anubiasi. Hizo nyuzi za mwani ziviringishe kwenye mswaki uzitoe kwa mkono kabla ya kubadilisha maji. Badilisha asilimia 30 mara mbili kwa wiki kwa wiki 3, kisha rudi mara moja. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinacholiwa ndani ya dakika 2. Ongeza Ceratophyllum mafungu mawili yaelee juu: linakua haraka na linawapokonya mwani chakula. Tangi lisipigwe na jua la dirishani hata nusu saa.

Kama pana utando wa rangi ya bluu-kijani unaotoka kama ngozi na unanuka tope, huo si mwani bali ni bakteria. Toa wote unaotoka, funika tangi kwa blanketi siku 3 bila mwanga kabisa huku hewa ikipigwa, kisha badilisha nusu ya maji.

#12 Lukuledi_7

Kuhusu gesi ya kaboni. Chupa ya lita 2, sukari gramu 200, hamira robo kijiko cha chai, maji ya uvuguvugu lita 1. Mpira mwembamba unaingia chupa ya pili ndogo yenye maji, ndipo uende tangini, ili yale mapovu ya pombe yasiingie kwa samaki. Weka vali ya kuzuia maji kurudi. Maelekezo mengi yanasema inadumu wiki 2 au 3. Kwa joto letu tegemea siku 7 hadi 10, mwanzoni inatoka kwa nguvu kisha inashuka.

#13 Kifuu_Shangani

Na hapo ndipo ninapotofautiana nawe, Lukuledi, kwa heshima. Maelekezo yako ni sahihi, lakini gesi inayopanda wiki hii na kushuka wiki ijayo ndiyo inayoleta ule mwani mweusi wa ndevu kwenye kingo za anubiasi. Ukiwa na valisneria na Ceratophyllum kwenye KH 8, gesi huihitaji. Bora kukosa kabisa kuliko kuwa nayo kwa kubahatisha.

#14 Lukuledi_7

Nakubali kwa mimea hiyo. Kwa anayefuga kriptokorini nyingi bado naona inasaidia, mradi awe na chupa mbili zinazopishana siku 4 ili mtiririko usikatike, na pampu ya hewa iwashwe usiku. Usiku mimea nayo inavuta oksijeni. Samaki wakiwa juu wanapumulia mdomoni alfajiri, gesi imezidi: vua mpira kwanza, maswali baadaye.

#15 Mitwero_Lindi

Joto je? Januari hadi Machi maji yanafika nyuzi 31.

#16 FundiVioo_Mtwara

Feni ndogo ya kompyuta ya volti 12 ipulize juu ya uso wa maji, mfuniko ukiwa wazi upande mmoja na umefunikwa wavu wa mbu. Inashusha nyuzi 2 hadi 4 kwa sababu ya mvuke. Miezi ya unyevunyevu itashusha kidogo zaidi ya 1 tu, usishangae. Taa iwe nje ya mfuniko. Chupa za barafu siziungi mkono, joto linashuka mchana na kupanda jioni, samaki wanapata madoa meupe.

Maji ya nyuzi 25 yanaweza kubeba kama miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita; ya nyuzi 30 kama 7.5. Wakati huo huo samaki wa kwenye joto anahitaji zaidi. Kwa hiyo miezi hiyo punguza chakula na ongeza hewa.

#17 Kifuu_Shangani

Nyongeza muhimu kwa FundiVioo: maji yanayopungua kwa feni yajazwe kwa maji ya mvua, si ya kisima. Mvuke unaondoka mtupu, chokaa na chumvi vinabaki. Ukijazia kisima kila siku, baada ya miezi mitatu KH 8 imeshakuwa 14 na mtu haelewi kwa nini majani mapya ni meupe.

#18 Rahaleo_B

Hapo kwenye majani meupe. Mapya yanatoka ya njano karibu nyeupe, mishipa inabaki kijani. Ya zamani hayana tatizo.

#19 Lukuledi_7

Hiyo ni chuma. Upungufu unaoanzia majani mapya ni chuma. Unaoanzia majani ya zamani kuwa njano yote ni naitrojeni. Ya zamani yenye vitundu vidogo vinavyopanuka ni potasiamu.

Lakini si kila chuma kinafaa maji yetu. Chuma cha dukani hufungwa kwa kemikali ya kukizuia kisigande. Kilichofungwa kwa EDTA kinaachana na kifungo chake pH ikipita 6.5 au 7, kinaganda na kuwa uchafu. DTPA kinafika kama 7.5. Kwa pH 8 ulizia duka la pembejeo chuma cha EDDHA. Kinapaka maji wekundu siku moja mbili, usiogope. Weka kidogo, chembe chache zilizoyeyushwa kwenye glasi, mara moja kwa wiki.

Naitrojeni na potasiamu: potasiamu naitreti gramu 50 kwenye maji nusu lita. Mililita 5 za mchanganyiko huo kwa lita 55 zinaongeza takriban miligramu 5.5 za naitreti kwa lita. Mara moja kwa wiki, baada ya kubadilisha maji. Ukipima naitreti ikawa juu ya 20, acha. Mbolea za shambani za urea, CAN na DAP zisikaribie tangi, zote zinaleta amonia, na Kifuu ameshaeleza amonia inavyokuwa kwenye pH yetu.

#20 Mitwero_Lindi

Mimea ya bure kutoka mabwawani, kama ya Rutamba au Kitere, na yungiyungi?

#21 Nanyamba_Juu

Ceratophyllum na yungiyungi mdogo wanafaa. Hatari ni kuingia majini: konokono wa maji yaliyotuama wanabeba kichocho, na mto Ruvuma una mamba. Vuta mimea kwa upondo ukiwa nchi kavu, vaa glovu za mpira.

Nyumbani iloweke kwenye maji ya shabu, kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kwa lita 4, saa 2 hadi 3. Suuza mara mbili, kisha ikae ndoo ya peke yake wiki 2 mahali penye mwanga. Toa kila konokono na mayai yake yanayong'aa kama ute chini ya majani, na watoto wa kerengende, maana hao wanakula vifaranga vya gapi. Jiki usitumie kwa valisneria wala Ceratophyllum, wanayeyuka. Gugumaji na mimea yote uliyopunguza tangini ianikwe hadi ikauke. Isitupwe mtoni wala kwenye mtaro.

#22 Rahaleo_B

Umeme ukikatika saa nyingi?

#23 FundiVioo_Mtwara

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa ndilo la kwetu, kwa sababu pampu ya USB itaendelea kwa benki ya umeme ya simu usiku mzima. Chujio la kopo lililofungwa likizimika saa 4 au zaidi, bakteria wanakosa hewa na kuanza kufa humo ndani. Umeme ukirudi usiliwashe hivyo hivyo, litamwaga uozo wote tangini. Lifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwenye maji ya tangi, ndipo uwashe.

Huna chochote? Chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu sm 30, mara 20, kila nusu saa. Na usilishe siku hiyo.

#24 Mitwero_Lindi

La mwisho, wakuu. Kriptokorini zilizopandwa siku 6 zilizopita zimeyeyuka majani yote, yamekuwa kama mlenda. Zing'olewe?

#25 Kifuu_Shangani

Using'oe. Kriptokorini ikibadilishiwa maji inaangusha majani ya zamani na kutoa mengine yanayolingana na maji mapya. Kata yaliyolainika karibu na shina, yatoe yasioze humo. Chokoa mchanga kidogo uone mzizi: ukiwa mweupe na mgumu, mmea uko hai. Kati ya wiki 2 na 4 utaona ncha ndogo za kahawia zinachomoza katikati. Mpaka hapo usiongeze mbolea, usihamishe, na KH usiiguse.